Vituo Viwili

Tulioana Alhamisi, mahakamani El Paso,
katikati ya zamu mbili:
Corinne na kucha zenye grisi ya helikopta,
mimi na harufu ya dawa ya vidonda.
Karani wa ndoa aliuliza mara moja tu.
Karani wa jeshi aliuliza mara tatu:
tarehe gani, vyeo gani,
na nakala ya cheti iko wapi?

Maana jeshini ndoa si ndoa
mpaka iingizwe kwenye mtambo.
Kabla ya hapo tulikuwa askari wawili
wanaokula sufuria moja.

Sajini Pruitt, apangaye watu kwenye ramani
kama mtu apangavyo viporo kwenye friji,
alitueleza kwa upole, kalamu sikioni:
"Tutajaribu kuwaweka pamoja.
Maili hamsini tunaita pamoja.
Mia pia, tukibanwa.
Ila haja ya jeshi hutangulia."
Alilitamka pamoja
kama inshallah ya mgeni aliyekwisha kuvaa viatu.

Usiku ule Corinne alitandaza ramani jikoni,
akageuza mfuniko wa sufuria,
akauzungushia penseli.
"Huu ndio upana wetu," akasema.
Ndani ya duara: jangwa, gereza,
mji mmoja wenye kanisa na duka la matairi.
Nje: kwingineko kote.

Februari barua zikaja, kila mtu na yake.
Yake: Fairbanks, Alaska,
ambako injini hupashwa moto kabla ya kuamshwa.
Yangu: palepale, wodi ileile,
miezi kumi na minane.
Tulijaribu mfuniko. Tukajaribu sinia.
Corinne akacheka, akaenda kuleta beseni la kufulia.
Hakuna chombo cha nyumbani kilichofika.

*Ombi lenu limezingatiwa.*
Neno pana hilo.
Unaweza kulala ndani yake usiku kucha
usipate shuka.

Luteni Haskins hana mke, ana mbwa,
na miaka minne imemhamisha mara tatu.
"Nyinyi mnabebwa," aliniambia foleni ya chakula.
"Mkiwekwa pamoja, pengo lenu nalijaza mimi."
Nilitafuta jibu.
Nikachukua viazi.

Mama mkwe, kwa simu kutoka Houma:
"Kwa nini mmoja wenu asivue tu hizo nguo?"
Alisema mmoja.
Ila kila alipolisema
lilikuwa likimtazama binti yake.
Corinne alikata simu, akapiga pasi sare zote,
hata zilizokuwa zimenyooka.
Mimi nilijua lile swali lilinipita wapi.
Sikulisimamisha.

Asiyetulia huambiwa hana kituo.
Sisi tunavyo viwili,
vyenye walinzi na bendera na lango la chuma,
na bado hatutulii.

Desemba sasa. Kwake jua limezama saa tisa alasiri.
Ananipigia akiwa ndani ya gari, injini inanguruma,
glavu mdomoni, maneno yanatoka nusu.
Anasema rotoo moja imewasumbua wiki nzima.
Anasema Pruitt amepandishwa cheo,
kiti chake amekikalia mwingine,
fomu tuanze upya.
"Cheti unacho?"
"Ninacho."
"Nakala?"
"Tano."

Kisha tunanyamaza, kila mmoja na saa yake,
yangu ikiwa mbili mbele.

Siku ya kufunga mizigo aliondoka na mfuniko.
Sijui kama alikosea. Sikumuuliza.
Anasema ameutundika ukutani, juu ya kitanda,
na mwenzake wa chumba anadhani ni pambo.
Mimi nilibaki na sufuria.
Napika wali alionifundisha,
nafunika kwa sahani isiyoenea,
na mvuke unapita pembeni
ukielekea dirishani.